Search ilinitangaza marehemu, na website yangu mpya ikagoma kuonekana (yaliyonikuta Juba)

Wakuu, nawasalimu nyote mnaopata umeme kwa kubonyeza swichi tu. Sisi wa huku Juba tunawasalimia kwa kelele za jenereta.

Nimekaa humu miaka mingi kama msomaji, nacheka chai zenu, zile hadithi za kutunga. Leo naleta kisa changu na si chai. Nikiongeza chumvi punje moja, mods nifungieni na nyumba mchukue.

Shule niliishia la saba, na hilo la saba lenyewe nilimaliza kwa huruma ya mwalimu mkuu. Mkikuta sentensi imekaa upande, ipigeni teke muendelee.

Halafu majina nitataja. Nimechoka kuwalinda watu ambao mimi hawakunilinda.

Twende.

Mimi ni Mpare wa Same, fundi wa jenereta na kusuka mota. Huku wananiita Usta Mbaga. Usta ni fundi kwa Kiarabu cha hapa. Nilikuja na lori la mzigo kama fundi wa safari, lori likafia hapa, mwenye lori akatokomea na simu akazima. Nikabaki.

Sikujutia. Mji wote huu unaishi kwa jenereta. Fundi jenereta ni kama daktari, ila mgonjwa wangu nikimpasua ananyamaza, nikimfunga ndiyo anapiga kelele.

Nilifungua karakana mtaa wa Hai Jalaba na mshirika wangu, Mganda mmoja anaitwa Ochaya. CULPRIT NAMBA MOJA, mshikeni jina. Ochaya alikuwa mdomo, mimi mikono. Yeye anaongea na wateja kwa upole, mimi nawatukana. Maana mtu anakuletea jenereta aliyoiendesha bila oil mwaka mzima halafu anakuuliza "imekuwaje?" Imekuwaje! Wewe ndiye unaniuliza mimi?

Kazi ikashika. Mahoteli, maghala, zahanati, wote walikuwa wa kwetu.

Kisha risasi zikarudi mjini. Walioko huku wanajua ninachosema, wasiojua Mungu awazidishie kutojua. Nilikimbia na spana namba kumi na nne mkononi. Msiniulize kwa nini spana. Mtu ukikimbia unakimbia na ulichoshika. Nilipita porini, nikaugua, nikalala kambini upande wa Uganda muda mrefu hadi nikasahau harufu ya dizeli.

Hayo sitayasimulia. Uzi huu ni wa website.

Niliporudi Juba, moja kwa moja Hai Jalaba. Namkuta Ochaya kanenepa, kakaa kwenye kiti changu. Wakuu, hakukimbia, hakulia, hakunikumbatia. Aliniangalia juu hadi chini, akasema:

"Eh! Mzee! Sasa itakuwaje?"

Hapo ningeelewa. Sikuelewa. Nilidhani ni mshtuko.

Akanizungusha wee, mara karakana imebadilishwa jina, mara mwenye nyumba hataki watu wapya. Nikaona isiwe tabu, nikachukua spana yangu nikahamia mtaa wa Munuki. Nikapata uani kwa mama mmoja mpole, nikaanza upya. Wateja wa jirani tu, vijenereta vya saluni na vya kuchaji simu. Wateja wakubwa nikiwapigia wanakata. Mmoja aliniambia, "Acha utani wa kishetani," akakata.

Nikasema labda wamesahau sauti.

Siku moja nikaitwa mtaa wa Jebel na mama mmoja wa Kisomali kutoka Kenya, anaitwa Halima. Ana lodge na maghala ya baridi ya kuku na samaki. Jenereta kubwa ilikuwa imegoma na kuku wanaanza kulainika. Nikapiga kazi, ikawaka. Halima akanipa soda, akakaa ananitazama usoni kama mtu anayesoma noti kama ni feki.

"Fundi, wewe ni Mbaga yule wa zamani wa Hai Jalaba?"

"Ndiye."

"Wallahi?"

"Sasa nikudanganye ili iweje, mama?"

Akatoa simu, akaandika kwenye search "fundi jenereta Juba". Akanigeuzia.

Wakuu. Ukurasa wa kwanza kabisa, picha yangu. Mimi nimevaa ile overoli ya bluu, natabasamu, na mimi huwa sitabasamu, sijui waliniotea wapi. Chini ya picha kuna mshumaa. Na si wa kuchorwa, unacheza cheza kabisa kama unapulizwa na upepo. Maandishi: "Kwa kumbukumbu ya marehemu fundi wetu Mbaga. Tunaendeleza kazi aliyoipenda." Chini yake namba ya simu ya Ochaya.

Nilikaa chini. Kiti hakikuwepo, nilikaa tu.

Halima akanieleza hali ilivyo. Anataka nimtunzie jenereta zake zote, hapa na maghala mapya yanayokuja, kazi ya kudumu. Ila hafanyi biashara peke yake. Ana wabia Nairobi, na hao kabla ya kukubali fundi lazima wamtafute kwenye search. Walishamtafuta. Wakampigia Halima wakamwambia: huyo anayekutengenezea ni tapeli anatumia jina la maiti, mfukuze.

"Mimi najua uko hai," akasema. "Wao wanajua umekufa. Nimewaomba wangoje mpaka mwezi uishe. Fundi, fanya uonekane. Mwezi ukiisha wanaleta fundi wao kutoka Nairobi na mimi sina la kufanya."

Ndiyo hivyo wakuu. Nilipewa mpaka mwisho wa mwezi kuthibitisha kwamba sijafa.

Mtasema nilienda polisi. Niende kusema nini, kwamba mimi si marehemu? Wangeniomba cheti.

Nikaenda kwa Ochaya. Nilimkuta anakula. Nikamwonyesha simu, nikamuuliza hii ni nini.

Akafuta mikono taratibu. "Mzee, hiyo page mimi iko nafanya na heshima. Wewe ona hiyo mshumaa. Fundi ya Kampala alikesha juu ya hiyo mshumaa."

"Toa."

"Nikitoa wateja nawaambia nini? Usta amefufuka? Mzee, watu ya hapa ni Wakristo, hiyo mambo ya kufufuka iko na mwenyewe."

"Ochaya, mimi niko hai!"

"Najua. Mimi nakuona. Lakini Mzee, tuongee ukweli kama ndugu." Akasogeza sahani pembeni kabisa, kana kwamba ndiyo anaanza kikao. "Kifo yako inaleta kazi. Watu wanasoma, wanahurumia, wanapiga simu. Wewe ukiwa hai ulikuwa unatukana wao tu. Sasa nani alisaidia hii biashara zaidi, wewe hai ama wewe marehemu?"

Wakuu, swali hilo linaniuma hadi leo.

Basi nikaamua kupigana na kifo changu kwa silaha yake. Yeye ana website, na mimi niwe na website.

Nikaelekezwa kwa Wani. CULPRIT NAMBA MBILI, ila huyu subirini msimtukane kwanza. Wani ni mtu mzima mwenzangu, ana kibanda hapo Munuki jirani na stendi ya boda, anapiga picha za passport, anaprint kadi za harusi, na anatengeneza website. Alikulia ukimbizini Kenya, Kiswahili chake ni cha huko. Mpole, anaongea kama mtu aliye kanisani.

Nikamweleza kila kitu. Marehemu, mshumaa, Halima, mwezi. Akasikiliza, akatikisa kichwa. "Mzee, pole. Nitakutengenezea kitu safi."

Na kweli akanitengenezea kitu safi. Picha yangu nimeshika spana kumi na nne, na gazeti la siku hiyo nimelishika mkono wa pili kama watu waliotekwa nyara. Wazo langu hilo. Maandishi makubwa: FUNDI MBAGA YUKO HAI, YUKO MUNUKI. Namba yangu. Ukiandika anwani yote mpaka mwisho, inafunguka hiyo, inameremeta.

Nikaenda kwenye search. "Fundi jenereta Juba." Enter.

Mshumaa.

"Fundi Mbaga." Enter. Mshumaa.

"Fundi Mbaga yuko hai." Enter. Mshumaa, wakuu! Nimeandika yuko hai na bado inaniletea mshumaa!

Wani akanieleza kwa upole. Website mpya haionekani siku hiyo hiyo. Kuna kidudu cha search kama buibui, kinatembea mtandaoni kutoka ukurasa mmoja kwenda mwingine, kikikukuta kinakuandika kwenye index, yaani daftari lake. Bila index wewe haupo. "Ni kungoja tu, mzee. Buibui iko njiani."

Nikangoja buibui.

Kila asubuhi kabla ya kunawa uso naandika jina langu. Mshumaa. Mchana nikiwa na grisi mpaka kwenye nyusi naandika kwa pua. Mshumaa. Nikiwa chini ya jenereta nikiona buibui wa kweli namwambia, na wewe uko hapa unafanya nini, si uende kazini!

Nikirudi kwa Wani ananiambia buibui za huku ni polepole sababu ya network. Nikimwambia tuangalie kitu fulani anasema, "Leo network mafi." Mafi maana yake hakuna. Sasa mimi napita pale nje naona watu wanaangalia mpira kwenye simu, network hiyo hiyo. Ningeelewa hapo. Sikuelewa.

(Kwenye kisa hiki nimepewa nafasi nyingi za kuelewa.)

Nikaona ngoja nimsaidie buibui. Nikaenda stendi ya boda, wale madereva wananijua, nawatengenezea chaja. Nikawaambia kila mmoja aingie kwenye search aandike fundi jenereta Juba, abonyeze, na abiria wake awaambie wafanye hivyo hivyo. Niliwaza kwamba buibui akiona watu wengi wanaulizia atashtuka aje.

Mnaojua mambo haya mshaanza kucheka. Chekeni tu.

Wote walibonyeza kilichokuwa juu. Na kilichokuwa juu ni nini? Ni mimi marehemu! Munuki nzima, na Jebel, na kwingine ambako boda zinafika, watu wakasoma kwamba fundi Mbaga amefariki. Na wengi hawakuangalia lini. Waliona mshumaa unawaka wakajua ni msiba wa jana.

Simu za pole zikaanza. Wanapiga wanauliza mazishi lini, mwili umesafirishwa au unazikwa huku. Mmoja aliniuliza mimi kama marehemu aliacha zile spea za jenereta ya Kichina, kama zipo anunue.

Kesho yake wakaja akina mama wa kanisa. Wamebeba sukari, majani ya chai, mkeka. Wakatandika mkeka uani kwangu, wakaanza kuimba. Mimi niko chini ya jenereta, miguu tu ndiyo inaonekana. Nikatoka.

Mama mmoja akanishika mkono kwa huzuni. "Wewe ni nani wa marehemu?"

"Mimi ndiye marehemu."

"Pole sana," akasema. Akaendelea kuimba.

Ilichukua mpaka chai iishe ndipo wakaelewa. Sukari hawakurudi nayo, ila waliondoka wamenikasirikia, kama mimi ndiye nimewapotezea muda.

Na Ochaya? Ochaya alinipigia kunishukuru. "Mzee, simu inalia hapa tangu asubuhi. Ulifanya nini? Endelea!"

CULPRIT NAMBA TATU yuko humu humu jukwaani. Anajiita Sultani wa Ranki. Nilipoomba msaada kwenye uzi mwingine alinifuata inbox, akaniambia atanipeleka kwenye search engine mamia kwa mpigo, nitaonekana dunia nzima. Nikamtumia alichotaka. Wakuu, leo ukienda kwenye orodha fulani ya wauza mbwa wa Ulaya, katikati ya wauza mbwa nimo mimi, fundi Mbaga, Juba. Kuna mzungu aliniandikia kuuliza kama nina wale mbwa wafupi wa miguu. Sultani, najua unasoma. Nilikujibu kistaarabu mara ya kwanza, mara ya pili sitakujibu kistaarabu.

Mwezi ukawa unakatika. Halima akapiga: wa Nairobi washamwandaa fundi wao, anangoja ndege. "Fundi, bado nakuona na mshumaa."

Aliyeniokoa naye ni mdau wa humu, jina lake limenitoka, anisamehe. Aliniandikia kitu kimoja tu: acha kukisia. Search yenyewe ina chombo cha wenye website, bure. Unathibitisha kwamba website ni yako, unaingiza anwani ya ukurasa, chombo chenyewe kinakuambia kwa nini huonekani.

Nikabeba simu hadi kwa Wani. Nikamwambia fungua hiki kitu.

"Mzee, network..."

"Wani, fungua."

Akafungua. Mikono yake nikaona haina haraka. Akaweka kile kipande cha kuthibitisha umiliki, akaingiza anwani, tukangoja. Likaja jibu la Kiingereza. Mimi Kiingereza changu ni cha kwenye maboksi ya spea, lakini "noindex" nililiona, na alama ya kukataliwa niliiona.

Nikamuuliza: hii maana yake nini?

Wani akaanza kupanga kadi za harusi mezani.

"Wani. Maana yake nini?"

"Maana yake buibui ilikuja, mzee," akasema. "Ilikuja kitambo. Ikakuta mlango imeandikwa usiingie."

"Nani kaandika?"

Akaangalia nje, kule kwenye boda. "Si ni mimi."

Wakuu, kumbe kwenye setting za website kuna kiboksi cha kuweka tiki, cha kuiambia search isikuorodheshe. Watu wanakitumia wakati wa kujenga, wakimaliza wanatoa. Wani hatoi. Na si kwangu tu. Kila website aliyotengeneza Munuki hii, ya mwoka mikate, ya shule ya chekechea, ya fundi cherehani, zote zimefichwa. Zipo, zinameremeta, ila hazionekani mpaka mwenyewe akupe anwani mkononi. Wateja wake hawajawahi kulalamika. Wanadhani ni network.

Nilikuwa na tusi limeshajaa mdomoni. La Kipare kabisa, lile la kuanzia kwa bibi.

Akasema kabla sijalitoa:

"Mzee, kaka yangu alikuwa na duka hapo juu. Akaandika jina yake kwa ukuta, rangi nyekundu, kubwa. Na jina ya kwao, ya kabila. Ile wakati watu ya bunduki walipita nyumba kwa nyumba, wengine waliwaruka. Kwake walisoma."

Nje boda zinapiga honi, mama wa chai anagombana na mteja.

"Sasa mimi mtu akiniambia nimwandikie jina mahali dunia yote inasoma," akasema, "mkono yangu inaweka hiyo tiki yenyewe. Na wewe mzee ulishakuwa marehemu kwa internet. Nikasema huyu ana bahati. Hakuna mtu hutafuta marehemu. Nimwamshe ya nini?"

Tusi nikalimeza. Wanaonijua wanajua hilo si jambo dogo.

Maana nilijiuliza na mimi: geti langu lina kibao? Halina. Tangu nirudi sijaandika jina langu popote. Wateja wangu wanaelekezwa kwa mdomo, "ukimpita mama wa chai, sikiliza jenereta inayokohoa." Nilikuwa nasema ni kubana matumizi. Kibao hata kwa mkaa ningeandika.

Na nitasema ukweli kama nilivyoahidi. Kuna siku, kabla ya Halima, kama mtu angenionyesha ule mshumaa, labda ningeuacha. Kuna amani fulani kwenye kuwa umekufa. Hakuna anayekuja kukugongea.

Lakini nilikuwa nimeshaonja ile kazi ya Jebel. Jenereta kubwa, mota ya maana, nikaisuka na mikono yangu mpaka ikanguruma. Nilikumbuka kwamba mimi ni fundi. Siwezi kurudi kwenye vijenereta vya saluni nikangoja kufa mara ya pili.

Nikamwambia, "Wani, toa hiyo tiki."

Akanisogezea mouse. "Toa mwenyewe, mzee. Mkono yangu inakataa."

Nikaishika. Kidole kina grisi, kinateleza. Nimefungua mainjini yenye presha ambayo yangeweza kunitoa kichwa, bila hofu. Kwa kiboksi kidogo kama chawa nikafuta kidole kwenye overoli mara tatu. Nikabonyeza. Tiki ikatoka. Save.

Tukarudi kwenye kile chombo, tukabonyeza pale pa kuomba buibui arudi. Tukampa na sitemap, ambayo ni kama ramani ya website ili asipotee. Halafu nikampigia Halima, nikamwomba kwenye website ya lodge yake, ambayo search inaijua siku nyingi, aweke link ya kwangu. Mdau yule alisema buibui anamwamini anayepelekwa na mwenyeji. Halima akaweka siku hiyo hiyo, na maneno yake mwenyewe: "Fundi wetu, matusi mengi, kazi safi."

Kisha kungoja tena. Ila safari hii nilijua nangoja nini.

Siku za mwisho mwisho za mwezi niko chini ya jenereta ya jirani, oil inanidondokea sikioni, na tangu asubuhi nimeshapokea pole mbili za msiba wangu. Simu ikaita. Namba ya Kenya. Sauti ya upole, ya ofisini:

"Samahani, naongea na familia ya marehemu fundi Mbaga?"

Wakuu, nililipuka.

"Familia ya mjomba wako! Marehemu ndiye ameshika simu, na mkono una oil, na usipokata nakuja huko huko nikupige spana ya mdomo! Nimekufa nimekufa, nani alinizika? Wewe ulikuwepo? Ulibeba jeneza? Mbwa wewe!"

Hawakukata.

Halafu nikasikia watu wanacheka. Si mmoja. Chumba kizima.

"Fundi," yule jamaa akasema akijikaza, "ukiandika jina lako kwa search sasa mnatokea wawili. Wa kwanza marehemu, wa pili yuko hai ameshika gazeti. Tukamuuliza Halima ni yupi wa kweli. Akasema tupige namba zote mbili. Moja itatushukuru na kutuombea, moja itatutukana. Ile ya kututukana ndiyo fundi wake."

"Ile nyingine imewaombea?"

"Sana. Fundi, anza Jumatatu."

Nilibaki hapo chini ya jenereta muda. Jirani alidhani imeniangukia.

Basi ndiyo hivyo. Jebel niko mpaka leo. Kwenye search sasa wakati mwingine mimi niko juu, wakati mwingine marehemu yuko juu, tunapokezana. Ochaya alikuja juzi amenuna, anasema ukurasa wangu unashusha wa kwake, eti tukae tuelewane, niwe hai siku za wiki yeye abaki na marehemu Jumamosi na Jumapili. Nilimtukana hadi mama wa chai akaziba masikio. Mshumaa bado upo. Nimeuzoea, mpaka nakiri ni mshumaa mzuri.

Wani amewaendea wateja wake wote, mmoja mmoja, akawaambia ukweli na kuwauliza kama wanataka kuonekana. Mwoka mikate amekubali. Fundi cherehani amekataa, kasema aachwe alipo. Sikumcheka, na nyie msimcheke.

Nilichojifunza, kwa mnaofungua website: usikae kungoja buibui kwa imani. Siku hiyo hiyo ingia kwenye kile chombo cha wenye website, kiulize, halafu mwangalie usoni aliyekutengenezea. Kile kiboksi kitafute mwenyewe kwa macho yako. Omba link kwa mtu anayejulikana. Usitume boda boda. Na Sultani wa Ranki akikufuata inbox, muulize bei ya mbwa.

La pili si la website. Mtu aliyenusurika anajificha hata pale ambapo hakuna anayemtafuta, na hajui kama amejificha mpaka kazi impite. Nilidhani Ochaya ndiye aliniua. Ochaya aliwasha mshumaa tu.

Juzi nimeandika jina langu kwenye geti. Kwa chaki. Rangi nitanunua nikishazoea kulisoma.

Karibuni mchangie, mnirekebishe, mnitukane, nitajibu nikitoka kazini. Pole za msiba sipokei tena. Atakayenipa pole nampa namba ya Ochaya.